Tairi ikipasuka, mguu wako uko wapi?

Kuna sentensi moja tumeisoma mpaka tumeizoea: "Dereva alishindwa kulidhibiti gari baada ya tairi kupasuka." Huja mwishoni mwa habari, baada ya idadi ya waliofariki na jina la hospitali walikopelekwa majeruhi. Ukishaifikia, unasukuma skrini juu na kwenda habari nyingine, maanake imeshakwambia kwamba hakuna wa kuulizwa. Tairi imepasuka, basi. Utamshika nani?

Mimi hiyo sentensi siitaki. Sisemi ni ya uongo, nasema imekatwa ncha zote mbili. Kule mbele imeacha miezi, pengine miaka, ambayo tairi ile ilikuwa ikichakaa watu wakiiona. Kule nyuma imeacha sekunde nne tano baada ya mshindo, pale dereva alipofanya kitu kwa mguu wake wa kulia. Na kitu chenyewe, mara nyingi, ni kukanyaga breki.

Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana Sabasaba, wilayani Same, mkoa wa Kilimanjaro (si Sabasaba yetu hii ya hapa karibu), yakashika moto. Taarifa ya kwanza ya Ikulu ya Tanzania ilitaja watu 38 waliofariki, na ikasema chanzo ni tairi ya basi moja, dereva akashindwa kulimudu. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika. Yule dereva mimi simhukumu. Lakini Same si mbali na sisi: ukitoka Voi ukavuka mpaka pale Taveta, umo mkoani humohumo.

Na nayaandika haya nikiujua mtindo wetu. Ikifika sikukuu, vijana watano wa Tononoka wanachanga pesa, wanakodi gari Ijumaa jioni, mizigo inajazwa mpaka buti haifungi, na safari ya Nairobi inaanza saa nne usiku ati tukwepe jua na msongamano. Ni kama kilomita 480. Nani ataendesha? Yule mwenye leseni, hata kama leseni yenyewe ina miezi minane na tangu aipate hajavuka Mtwapa. Hakuna aliyeinama kuangalia tairi. Wimbo wa kwanza lakini umeshachaguliwa.

Sasa tuseme wewe ndiye uko kwenye usukani. Umepita Mariakani, umepita Samburu, uko kwenye ule mnyooko wa Taru kuelekea Mackinnon Road. Njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, na trela za bandarini zinateremka mbele yako moja baada ya nyingine. Uko kilomita 100 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakata karibu mita 28 kila sekunde. Uwanja mzima wa mpira unaumaliza ndani ya sekunde nne. Kisha, puu!

Baada ya mshindo inafuata ile patapatapata ya mpira ukipiga lami na chuma. Ikiwa ni tairi ya mbele utaisikia mikononi, usukani unavutwa. Ikiwa ni ya nyuma utaisikia kwenye kiti, mkia wa gari unacheza. Na kumbuka sisi tunaendesha kushoto. Tairi ya mbele kulia ikipasuka, gari linavutwa kulia, yaani kulekule trela zinakotokea. Una mita chache tu kabla hujafika.

Mwili wako wote utakupigia kelele: breki! Usiusikize.

Nitakwambia kwa nini, maanake amri isiyo na sababu husahaulika mtu akishtuka. Gari linalokimbia limesimama juu ya mpira usiozidi viganja vinne, kila tairi kiganja kimoja. Kimoja kimekwenda. Tairi iliyopasuka haishiki lami sawasawa, na wakati huohuo inaburuta, kwa hivyo upande ule tayari unajifungia breki wenyewe. Ukiongeza breki yako juu yake, uzito wote wa gari unakimbilia puani, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na gari linapata sababu ya kuzunguka. Likienda ubavu, rimu inachimba lami au mchanga wa kando, na hapo ndipo hupinduka. Chuo mimi niliacha mwaka wa pili, lakini hili halihitaji digrii. Muulize yeyote aliyewahi kubana breki ya mbele ya baiskeli kwenye mchanga.

Basi fanya hivi. Shika usukani kwa mikono miwili, kwa nguvu, na macho yako yaangalie kule unakotaka kwenda, si kwenye trela. Ukivutwa, rudisha kidogo kidogo. Ukiuzungusha usukani kwa nguvu, gari litaruka upande wa pili na huko nako kuna mtaro. Mguu wa mafuta usiutoe ghafla. Ndiyo, umesoma sawa. Walimu wa udereva wa dharura hufundisha kuuacha palepale ulipo kwa sekunde moja mbili, wengine hata kuongeza kidogo, mpaka gari linyooke, kisha unaachilia taratibu. Injini inalivuta gari mbele, tairi mbovu inalivuta kando. Ukikata mafuta kwa mara moja, ile ya kando inashinda. Kama ni gari la gia za mkono, usikimbilie klachi wala kushusha gia kwa pupa. Acha mwendo ushuke wenyewe. Ukifika 40, ukifika 30, gari limetulia, sasa gusa breki polepole, washa indiketa ya kushoto, utoke barabarani.

Utoke kabisa. Kuna watu husimama nusu lami nusu vumbi kwa sababu wanaihurumia rimu. Rimu inauzwa madukani. Endelea na chuma chako kinachokwaruza mpaka upate mahali papana, hata kama ni mita 200 mbele.

Ukisimama, washa taa za dharura, watu washukie mlango wa kushoto na wasogee mbali na barabara. Wasikae nyuma ya gari kurekodi video. Pembetatu zile nyekundu usiziweke karibu na bampa kama mapambo. Tembea nazo nyuma hatua 50 au zaidi ili dereva wa lori apate nafasi ya kukuona na kuamua. Kama tairi iliyopasuka ni ya upande wa kulia na nafasi ni finyu, usipige jeki huku mgongo wako uko kwenye lami. Sogeza gari tena. Na ukimaliza, yale mawe uliyokingia magurudumu na yale matawi uliyotandaza barabarani yaondoe. Hili linaniudhi sana, wallahi. Mtu anabadilisha tairi, anajipangusa mikono, anaondoka, jiwe la ukubwa wa kichwa linabaki katikati ya njia likimsubiri mwenye pikipiki wa saa tisa usiku.

Tukimtaja mwenye pikipiki: yeye hana tairi tatu za kumwokoa. Kwake ni mikono miwili kwenye usukani, mafuta aachilie taratibu, mwili unyooke, na akihitaji breki aguse kidogo tu ile ya gurudumu lililo zima.

Haya yote pengine hukuyasikia ukijifunza gari. Ulisomeshwa kwenye ule ubao wenye mji wa kuchorwa, ukapewa kigari ukisukume kwa kidole, ueleze nani apite kwanza kwenye raundabauti. Siudharau ule ubao. Anayejua raundabauti vizuri ni mtu adimu mjini humu. Kisha ukapelekwa barabarani, kwenye mitaa ya kisiwani ambapo gari likifika kilomita 40 ujue ni Jumapili asubuhi. Ukapita mtihani. Na leseni hiyohiyo ndiyo inayokuruhusu kupita Taru usiku ukiwa na roho nne za wenzako ndani.

Naelewa kwamba huwezi kupasua tairi kila siku kwa ajili ya somo. Lakini rubani naye hazimiwi injini angani na abiria ndani ili ajifunze. Hukaa kwenye mtambo wa mazoezi chini, akairudia dharura ile mpaka mikono yake ikaizoea. Shule za udereva zinaweza kufanya hivyohivyo kwa gharama ya sufuri. Gari limesimama, injini imezimwa, mwalimu anapiga kofi mlangoni bila kumwonya mwanafunzi, na mwanafunzi anashika usukani na kusema kwa sauti mguu wake uko wapi. Dakika kumi. NTSA, ambao mtihani na leseni viko mikononi mwao, waliweke hilo swali kwenye mtihani na mtahiniwa akijibu "nakanyaga breki" arudi nyumbani. Siku hiyo haijafika, kwa hivyo fanya mwenyewe, kwenye gari lililoegeshwa, rafiki yako apige huo mlango. Mtacheka. Rudieni mara tano.

Turudi sasa kwenye ile ncha ya kwanza iliyokatwa, kabla ya mshindo.

Wengi wanadhani tairi hupasuka kwa msumari. Msumari kwa kawaida huleta pancha, upepo unatoka polepole. Kinachopasua tairi barabara kuu ni joto, na joto lenyewe huletwa zaidi na upepo haba. Tairi ikizunguka, ubavu wake unajikunja na kujikunjua. Ikiwa imejaa sawasawa, unajikunja kidogo. Ikiwa na upepo mdogo, unapinda sana, mamia ya mara kila dakika. Chukua waya, ukunje na kuukunjua haraka haraka: utapata moto kwenye vidole, kisha utakatika. Ndicho kinachotokea ndani ya tairi bila wewe kuona. Ongeza watu watano, mabegi, na mkungu wa ndizi za shangazi, waya unakunjwa zaidi.

Ndiyo maana kuna ushauri mmoja wa vituo vya pancha ambao lazima tuukatae, hata kama anayeutoa ni mtu mzima na tunamwamkia: "Kijana, barabara ya huko ni moto, punguza upepo kidogo isije ikapasuka." Ni kinyume chake kabisa. Kweli presha hupanda tairi ikipata moto, kama PSI 2 kwa kila nyuzi 10 za joto, lakini watengenezaji wameshalihesabu hilo. Ukipunguza upepo, ubavu unapinda zaidi, na joto ulilokuwa ukilikimbia umelikaribisha ndani. Kipimo sahihi hakiko kichwani mwa fundi. Kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna namba mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Pima asubuhi kabla hujaendesha, tairi ikiwa baridi. Na usipunguze upepo pale Voi kwa sababu eti umegusa tairi ukaona inachoma.

Kama unadhani hili ni la kwetu peke yetu, mwaka 2000 Marekani ilitikiswa na jambo hilihili. Tairi za Firestone zilizokuwa kwenye magari ya Ford Explorer zilikuwa zikichanika mpira wa juu zikiwa mwendoni, magari yanapinduka. Agosti mwaka ule Firestone iliita tairi milioni 6.5 zirudishwe. Waliokufa walizidi 200. Kampuni zile mbili zikarushiana lawama: Ford iliwaambia wateja wajaze PSI 26, Firestone ikasema ingefaa kuwa 30, na Ford ikasema tairi zenyewe ndizo mbovu. Visa vingi vilitokea majimbo ya joto kama Texas na Florida. Baada ya hapo ndipo sheria ya kule ikalazimisha magari mapya yawe na ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Ikiwa gari ulilokodi lina taa hiyo na inawaka, halafu mwenye gari anakwambia "hiyo huwa inawaka tu", ujue anaongea kuhusu maisha yako.

Kisha kuna umri. Tairi ina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona tarakimu nne, ziko upande wa ndani. Lala chini na tochi ya simu. Kampuni kadhaa za magari husema tairi ibadilishwe ikifika miaka 6 hata kama meno bado yapo, na 10 ndiyo mwisho wa yote. Mpira huzeeka ukiwa umekaa, hasa kwenye jua kama letu. Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingia likiwa na umri wa hadi miaka 8, na tairi lililokuja nazo zinaweza kuwa na umri uleule. Stepni ndiyo inayodanganya zaidi. Haijawahi kugusa lami, inang'aa, na ina umri wa gari lenyewe.

Wapenzi wa Fast & Furious mnakumbuka Novemba 30, 2013, siku aliyokufa Paul Walker akiwa abiria kwenye Porsche huko California. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo kasi. Lakini waliandika pia kwamba tairi za gari lile zilikuwa na miaka tisa. Gari la mamilioni, limevaa viatu vya zamani.

Kuhusu meno sitakawia. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Meno yakilingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi imekwisha. Na ukiona mifereji mirefu mizuri lakini kingo zake zimekwaruzika kwaruza kama zimekatwa kwa kisu cha moto, basi zimekatwa kwa kisu cha moto. Wako watu wanachonga tairi kipara ili ionekane ina meno, na wanachochonga ni ule mpira mwembamba uliobaki kufunika nyuzi.

Najua jibu lako: bei. Seti ya tairi nne mpya si pesa ya mchezo, na mwenye gari la kukodisha anahesabu kila shilingi. Sawa. Lakini wewe unayelikodi unampa pesa, na kabla hujampa una haki ya kuinama. Dakika tano: tarakimu nne kwa kila tairi, stepni ikiwemo, kisha upepo, kisha uvimbe wowote ubavuni. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimeshakatika. Hilo gari liache hapohapo. Mkiwa watano, kila mmoja achukue tairi moja na wa tano akague stepni, jeki na spana. Mwenye gari akinuna, mjini humu kuna magari mengine ya kukodi.

Na kama huna mpango wa kukodi, unapanda basi kama wengi wetu, hili ni lako pia. Tangu zile sheria za Michuki za mwaka 2004 tumejua kuulizia mkanda, na tunajua kwamba gari la abiria halifai kupita kilomita 80 kwa saa. Tairi hatujawahi kuuliza. Siku utakayokuwa Mwembe Tayari, begi lako linapakiwa chini na bado kuna nusu saa kabla basi kuondoka, nenda mbele kabisa, uiname kwenye tairi ile ya kulia, uwashe tochi ya simu. Makanga akikuuliza umepoteza nini, mwambie unasoma tarehe.